Baridi ya Machozi

Kila jua lilipofika utosini, Kalunde alikuwa na kazi moja: kumliza mama yake.

Siku hiyo nayo aliianza kama kawaida. Alifunga dirisha, akashusha turubai zito la mlangoni, akamsogeza Mama kwenye godoro lililolazwa chini ya pua ya ukutani. Paka alikuwa amekwishawahi nafasi yake hapo, kajinyoosha kama mwenye nyumba. Kalunde akaingiza mkono chini ya mto, akatoa simu ya marehemu baba yake, ile ya zamani yenye ufa kwenye kioo, akaibonyeza.

"Milembe," ikasema sauti ya Baba, nzito, kama iliyopitia moshi wa mkaa kwanza. "Nimechelewa kidogo. Niwekee ugali. Na usimpe paka ukoko. Ukoko ni wangu."

Basi. Hakukuwa na neno jingine. Ni ujumbe alioutuma akiwa njiani kutoka kazini, siku ambayo joto lilimkuta katikati ya barabara, kabla hajafika penye kivuli. Ule ugali hakuja kuula.

Mama akainua pindo la khanga, akajifunika macho. Mabega yakaanza kutikisika. Kalunde hakumtazama. Hakuwahi kumtazama wakati huo. Alitazama ukuta, pale kwenye kifuniko cha chuma kinachofanana na cha sufuria, na kitaa kidogo kinachowaka juu yake. Kitaa kilikuwa kijani. Kikawa manjano. Kikasitasita, kikawa chekundu.

"Kaya ya Mihambo," ukasema ukuta, kwa sauti ya adabu ya mtu ambaye hajawahi kutokwa jasho. "Sauti ya kumbukumbu imetambuliwa. Poleni. Mgawo unaongezwa."

Kifuniko kikafunuka. Baridi ikaingia, ile baridi tamu ya chini ya ardhi yenye harufu ya mawe. Kalunde akaachia pumzi aliyokuwa ameibana, akampapasa Mama kwenye paji la uso.

"Unaendeleaje, Mama?"

"Naendelea kulia," akasema Mama ndani ya khanga. "Si unaona?"

*

Pale mjini Isenga watu waliviita vile vifuniko pua, kwa sababu nyumba ilipumulia hapo. Baridi yenyewe ilitoka kwenye visima vilivyochimbwa chini sana, kwenye kina ambacho ardhi haijapata habari kwamba kuna jua. Ilipandishwa kwa mabomba mpaka kwenye kila nyumba. Lakini haikutosha. Na tangu asubuhi inapokomaa mpaka jioni inaponyooka, mtu hakutoka nje isipokuwa amejichoka mwenyewe. Kwa hiyo kukawekwa mtambo wa kuigawa baridi hiyo, na watu hawakuupa jina jingine zaidi ya Mgawo.

Hapo mwanzo Mgawo ulipima joto. Nyumba yenye joto zaidi ilipata baridi zaidi. Haukupita muda, akina mama wakagundua kwamba sufuria ya uji wa moto ikiwekwa chini ya kipimo, pua hufunuka mpaka mwisho. Mtaa mzima ukanuka uji. Mafundi wakaja, wakakuna vichwa, wakabadilisha. Sasa kila mtu akavishwa kikuku cha mpira mkononi, kinachosikiliza mapigo ya moyo na kuonja jasho, na ukuta nao ukapewa masikio ya kusikia sauti. Nyumba yenye dhiki zaidi ndiyo itakayopata baridi zaidi. "Chini ya kipimo utaweka uji," alisema mtangazaji siku ya uzinduzi, "lakini chini ya moyo utaweka nini?" Watu wakapiga makofi. Kalunde naye alipiga. Anayeumia zaidi apewe zaidi, nani atabisha?

Tabu ilikuwa Mama.

Mama Milembe alikuwa na moyo mkubwa, na hilo si sifa bali ni maneno ya mganga wa zahanati. Moyo umevimba, alisema, na mtu huyu asikae kwenye joto hata kidogo. Lakini ugonjwa wake haukuwa na kelele. Huyu ni mtu aliyezipa sufuria zake majina. Alikuwa na ugomvi na paka, na kila mmoja alikuwa na upande wake wa hoja. Miguu ilipoanza kujaa maji alisema sasa amepata miguu ya tembo, bado pembe tu. Kikuku kikisikiliza moyo wa namna hiyo kitaona dhiki gani? Baba alipokuwa hai, wasiwasi wake peke yake ulitosha kuifungua pua, maana mzee yule alikuwa na wasiwasi wa kutosha mitaa miwili. Alipoondoka, akaondoka na wasiwasi wake.

Kalunde aliigundua hatari hiyo siku ya matanga. Mjomba wao mmoja alijisahau akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyowahi kukalia ndoo yake ya kupozea vyuma, ikamng'ang'ania, akatembea nayo mpaka kwa jirani kuomba msaada. Waombolezaji wakacheka. Mama akacheka kuliko wote. Kitaa kikageuka kijani, kifuniko kikajifunga kop! na kabla ndoo haijatoka kwa marehemu, Mama alikuwa ameanguka kama gunia. Walimwagia maji, wakampepea kwa sinia, akazinduka. Neno lake la kwanza likawa, "Halafu ikatokaje?"

Tangu siku hiyo Kalunde alipiga marufuku mizaha ndani ya nyumba. Akaifanya ile simu kuwa dawa ya mchana. Na akatuma ujumbe kwa watani wao Wangoni, wasije.

Hilo la watani ndilo lililomnyima raha. Wanyamwezi na Wangoni ni watani tangu enzi za vita vyao vya zamani. Mmoja akifiwa, mwenzake huja kuuchezea msiba: humtukana marehemu, hulala kitandani pake, huvaa nguo zake, hushika vitu vya nyumba na kukataa kuviachia mpaka akombolewe, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Msiba ambao mtani hajauchezea, kwao ulikuwa haujafungwa. Na msiba wa Mzee Mihambo ulikuwa wazi bado, kama mlango usio na komeo.

*

Pua ilikuwa imeanza tu kumtuliza Mama pale mlango ulipopigwa.

"Hodi! Hodi nyumba ya wapagazi! Fungueni, nimekuja kudai maiti yangu!"

Khanga ikateleza kutoka machoni mwa Mama. Chini yake uso ulikuwa mkavu kuliko Kalunde alivyotegemea, na macho yalikuwa yameng'aa kama ya mtoto aliyenusa maandazi.

"Huyo ni Mama Tawete," akanong'ona.

"Nimemsikia. Lala, Mama."

Kalunde akaenda mlangoni, akainua turubai kidogo, akaongea kupitia ufa wa mbao.

"Shikamoo, Mama Tawete. Tulituma ujumbe."

"Marahaba. Ujumbe niliupata. Nikaupika, nikaula, haukuwa na chumvi."

"Mama anaumwa. Hatakiwi kucheka."

"Nani kasema? Daktari?"

Kalunde akasita. "Ukuta."

Kisha Mama Tawete akasema, taratibu sasa, "Mwanangu, nimetembea kutoka stendi na jua hili. Nimejiviringisha khanga mbichi kama ndizi za kuvundika. Ukiniacha hapa nitakufa, na nikifa itabidi mnizike nyinyi, na Wangoni wote watakuja kula hapa mpaka wazile na hizo kuta zenu zenye maneno."

Mtu haachwi nje na jua lile, awe mtani, awe mwizi. Kalunde akafungua.

Akaingia mwanamke wa makamo, mpana, khanga za maji zimemfunika kutoka kichwani mpaka magotini, anadondosha matone kila hatua. Alizivua moja moja, akazitundika kwenye kamba iliyokatiza chumba, pale kati ya godoro la Mama na ile kona yenye vifaa vya Baba vya uhunzi. Alizipanga vizuri bila haraka, akajifuta mikono. Kisha akajitupa sakafuni na kupiga yowe lililomfanya paka apande juu ya kabati.

"Uwii! Yuko wapi mtumwa wangu Mihambo? Kafa bila ruhusa! Nani alimpa likizo? Nimlilie nani sasa, na nimesafiri na machozi yangu yote kwenye chupa!"

Na kweli akatoa chupa ya maji, akajinyunyizia mashavuni.

"We Mngoni," akasema Mama, sauti ikimtetemeka, "hayo machozi yana majani ya chai."

"Nilisikia njaa njiani, nikayachanganya!"

Mama akacheka. Kicheko chake kilianzia mbali, kama mtu anayevuta ndoo kisimani, kisha kikafika juu kikamwagika. Kalunde akageuka haraka kutazama kitaa, mkono umeshatangulia kwenye simu.

Kilikuwa chekundu.

Akasubiri. Mama alikuwa anacheka mpaka anakohoa, anapiga godoro kwa kiganja, na kitaa ni chekundu vilevile. Sana sana kilizidi kukolea, na baridi ikaongezeka.

Labda kimeharibika, aliwaza Kalunde. Lakini hakuwa mtu wa kuridhika na labda. Alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta, akawa anatazama: mara kitaa, mara Mama, mara kitaa.

*

Mama Tawete, alipoona hafukuzwi, akachangamka. Alilala upande wa kitanda aliolalia marehemu, akalalamika kwamba una bonde. Akafungua sanduku, akatoa aproni ya ngozi na ile kofia ya Baba iliyotobolewa na cheche, akavivaa. Kisha akaenda kwenye kona, akafunua shuka lililofunika mivukuto.

Kalunde akainuka nusu. Mivukuto ile hakuna aliyeigusa tangu msiba. Ilikuwa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi na mipini miwili ya mti. Baba alifulia vyuma kwa mivukuto hiyo wakati wenzake wote wanatumia umeme, kwa sababu, alisema, umeme hauna mkono wa kubembeleza.

"Mama Tawete, hiyo..."

"Kimya! Fundi yuko kazini."

Akakaa kwenye kigogo cha Baba. Na hapo mwanamke yule mpana akapungua, Kalunde hakujua vipi. Mabega yakashuka. Shingo ikatokeza mbele. Akalamba kidole kabla ya kugusa chuma ambacho hakikuwepo, akakitazama kidole, akakipuliza, akakikaripia chuma kwa kukiita mtoto wa kambo. Akakohoa, kile kikohozi cha Baba cha kutangulizia maneno, kikavu, mara mbili. Na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, kama iliyopitia moshi wa mkaa kwanza.

"Milembe! Nani amempa paka ukoko?"

Ukuta ukashtuka. Hakuna neno jingine la kulieleza jambo lile.

"Kaya ya Mihambo. Sauti ya Mihambo imetambuliwa. Si kumbukumbu. Mihambo, ulikuwa umeondolewa kwenye mgawo. Karibu tena."

Watu watatu wakatazamana. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mama Tawete akakohoa tena. "Asante," akauambia ukuta, kwa heshima. "Huko nilikokuwa kuna joto kuliko hapa."

"Pole sana, Mihambo. Tafadhali taja jina la mtaa, huduma ifikishwe."

Kilichomtoka Kalunde hakikuwa kicheko cha adabu. Kilimtoka tumboni, kikamkunja, kikamwangusha kutoka kwenye kigoda mpaka sakafuni. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, halafu kwa namna fulani kama mbuzi, na kila alipojaribu kunyamaza alimwona akilini fundi wa mtambo amebeba bomba la baridi anaulizia njia ya kuzimu.

Kop!

Kifuniko kikajifunga. Kitaa kilikuwa kijani kibichi kabisa.

Kicheko kikamkatika. Kalunde alibaki sakafuni, anautazama ule ukijani. Mama alikuwa amecheka muda wote ule na kitaa hakikutikisika. Yeye amecheka mara moja tu. Polepole akageuza macho mpaka kwenye mkono wake mwenyewe, kwenye kikuku cha mpira. Kisha akatazama mkono wa Mama uliokuwa bado mdomoni.

"Mama. Kikuku chako kiko wapi?"

Mama akashusha mikono. "Chini ya godoro."

"Tangu lini?"

"Tangu mkono ulipovimba. Kilikuwa kinanikaba, mwanangu. Na ukikivua, ukuta unadhani umelala."

"Kwa hiyo mchana kila siku, ile simu... taa ilipokuwa inakuwa nyekundu..."

"Ilikuwa inakusoma wewe," akasema Mama.

Kalunde akakizungusha kikuku chake mkononi. "Lakini ulikuwa unalia."

"Nilikuwa nakusindikiza! Kila siku unafunga dirisha, unaweka sauti ya baba yako, unageuzia uso ukutani. Nikasema, mtoto huyu ana msiba na hataki nimwone. Ngoja nilie naye." Mama akajikuna shavu. "Baba yako nilimlilia siku zile za mwanzo, machozi yake yakaisha. Ikabidi nitafute mengine. Wiki hii nalilia yule ng'ombe wetu wa kule shambani."

"Yule mweupe?" akauliza Mama Tawete, amesahau kuwa yeye ni marehemu.

"Yule mweupe. Alikuwa ng'ombe mzuri."

*

Joto haliingii kwa kishindo. Linakaa tu, kama mgeni asiyeaga. Bado walikuwa wanaongea habari za ng'ombe Kalunde alipoona jasho limejipanga juu ya mdomo wa Mama, na kifua chake kinapanda haraka kuliko kinavyoshuka.

Akaichukua simu. Mama akamshika mkono.

"Acha."

"Mama, pua imefungwa."

"Nimeisikia."

"Utaanguka kama siku ile."

"Inawezekana."

"Basi niache niiwashe! Mara moja tu. Mimi nikiisikia inatosha, umeona mwenyewe, wala huna haja ya kulia. Kaa tu na ng'ombe wako."

"Na wewe?"

"Mimi naweza."

"Najua unaweza," akasema Mama. "Ndiyo maana naogopa. Mimi nikae kwenye baridi, wewe ukae msibani mpaka lini? Mpaka nife? Halafu nikifa, baridi ya nani tena?" Akatafuta pumzi. "Leo umecheka kama mbuzi, Kalunde. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu baba yako. Sitaki baridi ya machozi yako. Ikinijia puani naisikia ina chumvi."

Kalunde alisimama na simu mkononi, kidole gumba juu ya kioo chenye ufa. Akibonyeza, Mama atapumua. Asipobonyeza, Mama atabaki na binti anayecheka, pengine kwa saa chache tu. Alimtazama usoni akitafuta jibu, na uso wa Mama ulikuwa umelowa jasho na umetulia, ukimtazama. Hata paka juu ya kabati alikuwa amenyamaza.

Asiyeweza kunyamaza alikuwa Mama Tawete. Kimya kilimwasha kama upupu. Akavumilia kidogo, akajigeuza kwenye kigogo, mwishowe akasema, "Basi fundi arudi kazini, maana wenye nyumba hawamjali," akashika mipini ya mivukuto, akaanza kuvukuta.

Fuu. Fuu. Fuu.

Khanga mbichi iliyokuwa imening'inia mbele yake ikajaa upepo kama shavu, ikalegea, ikajaa tena. Kalunde hakuiangalia khanga. Alikuwa bado anamwangalia Mama, na kwa kuwa alikuwa anamwangalia hivyo, bila kupepesa, aliona pindo la kilemba chake likicheza. Likatulia. Likacheza tena. Akaona Mama amefumba macho na kuinua kidevu kidogo, kama mtu anayeoga.

Akaweka simu chini. Akapeleka kiganja mbele ya uso wa Mama.

Baridi. Si ile baridi ya mawe. Ilikuwa baridi nyingine, nyepesi, yenye harufu ya sabuni na safari.

"Usiache," akasema.

Mama Tawete, kwa kuwa aliambiwa asiache, akaacha. "Nini?"

"Vukuta, Mama Tawete! Vukuta!"

"Haya, naamrishwa na mpagazi!" Lakini akavukuta.

Kalunde alikuwa ameshakimbilia jikoni. Akarudi na karai la maji yaliyooshewa vyombo, akaichovya khanga ya pili, akaitandaza nyuma ya ile ya kwanza, akazisogeza zote karibu na godoro. Upepo mkavu wa mivukuto uliingia upande mmoja na kiu yake, ukanywa maji ya khanga, ukatokea upande wa pili umepoa. Akasogeza kigogo, Mama Tawete akiwa juu yake. Akapunguza nafasi. Akarudi kupima kwa kiganja.

"Kumbe ni mtungi," akasema Mama, macho yamefumbwa. "Maji ya mtungi si yanapoa hivihivi? Mtungi unatoka jasho, maji yanapoa. Mmenitia ndani ya mtungi."

"Nimekuja kudai maiti," akanung'unika Mama Tawete, anahema, "nimepewa ajira."

Lakini hakupunguza kasi mpaka kifua cha Mama kilipoanza kushuka vizuri, na lile jasho la juu ya mdomo likakauka. Pua ukutani ilikuwa imefungwa kabisa, kitaa kijani. Hakuna aliyekuwa akiitazama.

*

"Nipokee sasa," akasema Mama Tawete mikono ilipomlegea. "Nipokee kabla sijawa marehemu wa kweli."

Kalunde akasogea. Mama Tawete akainuka, akampa mipini, lakini kofia akaishika kichwani kwa mikono miwili.

"Hii haitoki mpaka ikombolewe."

"Unataka nini? Tuna kuku mmoja."

"Kuku wenu namjua, amekonda kama nyinyi. Nataka nimsikie baba yako. Mimi nimeshamfanya, sasa zamu yako."

"Mimi siwezi kuigiza."

"Basi naondoka na kofia mpaka Songea, nikafugie kunguru."

Kalunde akamtazama Mama. Mama alikuwa ameegemea ukuta, miguu yake ya tembo imenyooshwa mbele, pindo la kilemba linacheza. Akamwashiria kwa kichwa: haya.

Mama Tawete akamvisha kofia. Ilikuwa kubwa, ikamfunika nyusi, na ndani yake bado mlikuwa na harufu ile ya moshi wa mkaa. Kalunde akashika mipini. Mbao zilikuwa zimelika pale mikono ya Baba ilipozoea kukaa, na vidole vyake vikaingia kwenye yale mabonde bila kuyatafuta. Akavukuta. Fuu. Fuu. Akakohoa mara mbili.

"Milembe," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, ya kitoto, haikufanana na Baba hata kidogo. Akarudia: "Milembe, nimechelewa kidogo."

Mama hakufungua macho.

"Umechelewa sana," akasema. "Ugali umepoa."

Mikono ya Kalunde ikataka kusimama. Akailazimisha. Fuu. Fuu.

"Na ukoko? Ukoko wangu uko wapi?"

"Nimempa paka."

"Milembe!"

"Ningefanyaje? Alikuwa hapa. Wewe hukuwepo."

Paka akatazama kutoka juu ya kabati, amesikia ametajwa. Mama Tawete akajipiga kofi pajani. Na Kalunde, chini ya kofia ile kubwa, akasikia kitu kinampasuka kifuani, na hakujua ni kipi kati ya vile viwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mdomo ulikuwa unacheka, na mikono ilikuwa inavukuta, na hakuna kimoja kilichomsubiri mwenzake. Mama alikuwa amefungua macho sasa, anamwona, na safari hii Kalunde hakugeuzia uso ukutani.

Ukutani kitaa kikawa chekundu. Kikawa kijani. Kikawa chekundu tena, kikapita manjano, kikarudi. Kifuniko kikafunuka, kop, kikajifunga, kop, kikafunuka, kama mdomo unaotafuna ugali wa moto.

"Kaya ya Mihambo," ukasema ukuta, na kwa mara ya kwanza adabu yake ilikuwa na wasiwasi ndani yake. "Usomaji haueleweki. Tafadhali jibu. Mnalia au mnacheka?"

"Ngoja kwanza," akasema Mama. "Bado tunaendelea. Tukimaliza tutakuita."